Ukisikia Kishindo, Usikimbilie Dirishani

Likizo inapokaribia, hapa Witeithie mazungumzo ya kwenda kutembea Nairobi huanza mapema. Shule huwaandikia wazazi barua za kuomba nauli ya basi. Kina mama wa chama huweka akiba kidogo kidogo. Vijana waliomaliza kidato cha nne hupanda matatu ya 237 pale steji na kushuka mjini bila mpango wowote. Jiji hilo si mbali nasi, na njia ni moja tu, Thika Road. Hata hivyo, kwa mtoto aliyekulia huku kati ya Juja na Thika, Nairobi bado ni safari ya kusimuliwa wiki nzima.

Na kuna mengi ya kuona. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1946, na mpaka leo simba na vifaru wanaishi mle huku maghorofa ya jiji yakionekana nyuma yao. Jumba la KICC lilikamilika mwaka wa 1973, na anayefika juu ya paa lake huuona mji wote ukiwa chini yake. Kuna Makumbusho ya Taifa na nyoka wake, Bomas na ngoma zake, twiga wa Lang'ata wanaokula kutoka mkononi mwa mtoto. Haya yote napenda watoto wetu wayaone.

Ila kuna mahali pamoja ambapo magari mengi ya ziara hupita bila kusimama, na ndipo ningependa yasimame kwanza. Ukishuka Moi Avenue kutoka upande wa Jumba la Nyaraka za Taifa, ukaendelea hadi inapokutana na Haile Selassie Avenue, utaona bustani ndogo yenye uzio. Kiingilio chake ni kidogo. Ndani kuna nyasi, viti, ukuta wenye majina ya watu, na chumba cha makumbusho. Hiyo ndiyo bustani ya ukumbusho wa tarehe 7 Agosti. Wengi wetu tunajua kwamba ubalozi wa Marekani ulilipuliwa hapo. Wachache wanajua ni kwa nini walioumia walikuwa wengi kiasi kile, na sababu hiyo inatuhusu mimi na wewe kila siku tunapotoka nyumbani.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi hivi. Mji ulikuwa umejaa watu kama Ijumaa yoyote. Kwenye Haile Selassie Avenue mabasi na matatu yalikuwa yamebanana. Nyuma ya ubalozi kulikuwa na njia nyembamba na eneo la kuegeshea magari, likipakana na Jumba la Benki ya Ushirika, lile ghorofa refu ambalo bado limesimama. Ubavuni palikuwa na jengo la Ufundi, lenye ofisi na chuo cha kufunza uhazili. Lori dogo likaingia kwa upande huo wa nyuma, likiwa limebeba baruti.

Walinzi waliokuwa kwenye kizuizi cha nyuma walikuwa Wakenya, na hawakuwa na bunduki. Waliamriwa wafungue, wakakataa. Mmoja wa washambuliaji akashuka na kurusha guruneti ya kushtua, kisha akakimbia. Milio ya risasi ikasikika. Mlinzi alijaribu kuwaarifu wanajeshi waliokuwa ndani kwa simu na kwa redio ya mkononi, lakini simu ilikuwa inatumika na mawimbi ya redio yalikuwa na mtu mwingine akizungumza. Kukataa kwa walinzi wale kulilizuia lori lisiingie chini ya jengo. Watu wengi wanaoishi leo wana deni la shukrani kwao.

Sasa tulia hapa, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo penye funzo.

Kati ya guruneti ile na mlipuko mkubwa zilipita sekunde chache tu. Katika sekunde hizo, watu waliokuwa ofisini, ubalozini na katika majengo ya jirani, walisikia kishindo. Makarani waliacha kalamu. Wanafunzi wa uhazili waliinua vichwa kutoka kwenye mashine zao. Wengi wakainuka, wakaenda madirishani kuona kuna nini huko chini. Wakawa wamesimama nyuso zao zikiwa karibu kabisa na vioo wakati lori lilipolipuka.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali William Crowe, ambayo ripoti yake ilitolewa Januari 1999, ililitaja jambo hilo waziwazi: watu wengi walikwenda madirishani baada ya kusikia guruneti na risasi, na hao ndio waliouawa au kuumizwa vibaya. Jengo la Ufundi liliporomoka lote. Abiria waliteketea ndani ya basi barabarani. Waliokufa Nairobi walizidi 200, kumi na wawili kati yao wakiwa Wamarekani na waliobaki karibu wote Wakenya. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu, na wengi wao waliumizwa na kioo. Makumi ya watu walipoteza macho. Siku iyo hiyo, Dar es Salaam, ubalozi wa Marekani ulishambuliwa pia na watu 11 wakafa.

Simulizi inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi ni ya balozi mwenyewe, Prudence Bushnell. Asubuhi hiyo hakuwa ubalozini. Alikuwa juu kabisa katika Jumba la Benki ya Ushirika, kwenye mkutano na Waziri wa Biashara wa wakati huo, Joseph Kamotho. Amesimulia mara nyingi kwamba waliposikia kishindo cha kwanza aliuliza kama kuna ujenzi unaoendelea karibu. Watu wengi mle chumbani wakainuka kuelekea dirishani. Yeye alichelewa kuinuka. Alikuwa amepiga hatua chache tu pale wimbi la mlipuko lilipomrusha nyuma. Alipozinduka, chumba kilikuwa kimeharibika, naye akateremka ngazi ndefu za jengo lile pamoja na watu waliolowa damu. Kuchelewa kule kuinuka kulimwepusha na kioo cha dirishani.

Fikiria swali lake: kuna ujenzi? Ndivyo akili ya binadamu inavyofanya kazi. Inaposikia sauti isiyoieleza, hutafuta maelezo mepesi. Labda tairi limepasuka, labda ni wanafunzi wamegoma na polisi wamerusha gesi ya machozi, labda transfoma imelipuka. Kisha miguu inakwenda kuthibitisha. Simlaumu hata mmoja wa waliosimama madirishani siku ile. Walifanya ambalo karibu kila mmoja wetu angelifanya, na mimi mmoja wao. Tukiketi hapa steji na kusikia mlio upande wa barabara kuu, shingo zote hugeuka na nusu ya watu huanza kutembea kuelekea mlio ulikotoka. Ndiyo maana naandika. Jambo ambalo mwili hulifanya wenyewe halizuiliki kwa kuambiwa siku ya tukio. Huzuilika kwa kufundishwa mapema, mpaka mwili ujifunze jambo jingine.

Kuna elimu kidogo hapa ambayo mwalimu wa sayansi anaweza kuieleza darasani kwa dakika mbili. Mlipuko mkubwa huanza kwa mwanga, na mwanga hufika machoni papo hapo. Wimbi la hewa iliyobanwa huja nyuma yake, na kadiri unavyokuwa mbali ndivyo linavyozidi kuchelewa. Sauti ya kawaida husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo aliye umbali wa kilomita moja anaweza kuona mwanga na kubaki na sekunde kadhaa kabla kioo chake hakijapasuka. Sekunde hizo amepewa ajitupe chini. Akizitumia kusogea dirishani, amekwenda kukutana na vipande vya kioo vinavyoruka kama visu.

Haya si ya Nairobi peke yake. Tarehe 6 Desemba 1917, katika mji wa bandari wa Halifax, Kanada, meli iliyobeba baruti iligongwa na kushika moto. Iliwaka kwa dakika zipatazo 20, na watu wakasimama madirishani kuitazama, watoto wakiwemo. Ilipolipuka waliuawa karibu watu 2,000, na mamia wakaumia macho. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, ilikuwa hivyo hivyo: moshi bandarini, watu kwenye roshani wakipiga picha kwa simu, kisha mlipuko uliovunja vioo vya mji mzima.

Mfano unaonipa moyo ni wa Chelyabinsk, nchini Urusi, tarehe 15 Februari 2013. Kimondo kilipita angani asubuhi kikiwaka kuliko jua. Watu wakaenda madirishani kuushangaa mwanga ule. Baada ya muda wimbi likafika, na watu wapatao 1,500 wakahitaji matibabu, wengi wao wakiwa wamekatwa na vioo. Lakini katika darasa moja la wanafunzi 44, mwalimu Yulia Karbysheva alipoona mwanga aliwaamrisha watoto waingie chini ya madawati. Hakujua ni kitu gani. Alijua tu kwamba mwanga mkubwa hivyo hauji bila kufuatwa na jambo. Kioo kilimkata yeye, kwa kuwa alibaki amesimama. Watoto wake hawakukatwa hata mmoja. Ningependa kila mwalimu anayepeleka watoto Nairobi aijue habari hiyo.

Turudi kwenye kisa chetu, kwa kuwa dalili zilizopuuzwa hazikuanza asubuhi ile.

Ubalozi ulijengwa mapema miaka ya 1980, ukiwa karibu mno na barabara mbili zenye shughuli nyingi. Baada ya mabomu ya Beirut ya mwaka wa 1983, Marekani yenyewe iliweka kiwango kwamba balozi zake ziwe umbali wa karibu mita 30 kutoka barabarani. Jengo la Nairobi halikutimiza kiwango hicho, na likaachwa lilivyo. Agosti 1997, wapelelezi wa Marekani pamoja na polisi wa Kenya walipekua nyumba moja jijini na kupata ushahidi wa kundi la al-Qaeda lililokuwa likiishi hapa miongoni mwetu. Novemba mwaka huo, Mmisri mmoja aliingia ubalozini kwa miguu yake na kusema kuna mpango wa kulilipua jengo kwa lori. Maneno yake hayakuaminiwa. Balozi Bushnell aliandika Washington zaidi ya mara moja kwamba jengo si salama, na katika miezi ya mwanzo ya 1998 akamwandikia Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Madeleine Albright, mwenyewe. Alijibiwa kwamba pesa hazipo.

Tume ya Crowe iliongeza jambo moja dogo ambalo kwangu ni zito. Hakukuwa na king'ora maalumu cha kuwaambia waliomo ndani walale chini, na watumishi hawakuwa wamezoezwa kufanya hivyo. Fedha za kujenga ubalozi mpya zilihitaji Bunge la Marekani. Fedha za kuwaambia watu "ukisikia mlio, jitupe chini, kaa mbali na kioo" hazihitaji bunge lolote. Zilihitaji asubuhi moja ya mazoezi. Ubalozi mpya hatimaye ulijengwa Gigiri, mbali na barabara, na mahali pa ule wa zamani pakawa bustani.

Sasa niulize: je, tangu 1998 tumejifunza?

Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu wakakimbilia na mitungi na ndoo. Moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Mwaka wa 2011, tarehe 12 Septemba, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba na kufuata mtaro hadi kijiji cha Sinai, Mukuru, katika Eneo la Viwanda la Nairobi. Nyumba zilikuwa zimejengwa juu ya njia ya bomba. Harufu ilijaa hewani. Badala ya kukimbia harufu, watu walikimbia kuelekea kwenye mtaro, na wengine waliitana kwa simu. Waliokufa walikaribia 100. Kisha likafuata lori la petroli la Malanga, Siaya, Julai 2021. Na wenzetu wa Tanzania walizika zaidi ya watu 100 baada ya lori kuanguka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019.

Najua wapo watakaosema kwamba waliochota mafuta walisukumwa na umaskini, tofauti na karani aliyesimama dirishani. Ni kweli, na umaskini huo ni wa serikali kuushughulikia. Lakini soma habari za mikasa hiyo na utakuta kwamba si wote walikuwa na ndoo. Wengine walikuja kuona. Bodaboda alisimama kutazama na abiria wake akiwa nyuma. Mama alitoka kumtafuta mtoto aliyekwenda kutazama. Sisi tunaoishi kando ya Thika Road, inayopitisha malori ya mafuta na ya gesi usiku na mchana, hatuna ruhusa ya kusema kwamba hayo ni ya Molo au ya Siaya.

Hata gesi imetupa onyo lake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi huko Embakasi, gesi ilivuja kabla ya kulipuka. Wakazi waliinusa, wengine wakaona wingu jeupe likitanda, na wapo waliotoka nje kulipiga picha. Watu waliouawa na zaidi ya 200 walioumia walikuwa majirani wa kawaida, waliokuwa wakijiandaa kulala. Mwaka uliotangulia, mamlaka ya nishati, EPRA, ilikuwa imekataa maombi ya kuruhusu kituo cha gesi mahali hapo, kwa sababu nyumba za watu zilikuwa karibu mno. Karatasi ilisema hapana. Gesi ikajazwa vivyo hivyo, katikati ya nyumba.

Kuna hatari nyingine ambayo msafiri wa mjini anapaswa kuijua. Mara nyingine mlipuko wa kwanza hufuatwa na wa pili. Kampala, usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walikuwa uwanja wa raga wa Kyadondo wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Bomu la kwanza lililipuka, na muda mfupi baadaye la pili. Pamoja na lile lililolipuka kwenye mkahawa wa Kiethiopia huko Kabalagala, waliuawa zaidi ya watu 70. Barabara yetu nayo haikupona: Jumapili ya tarehe 4 Mei 2014, mabasi mawili yalilipuliwa kwenye Thika Road, watu watatu wakafa na makumi wakajeruhiwa. Baada ya hapo, kwa miezi kadhaa, makanga walikuwa wakipekua mifuko kabla ya abiria kupanda. Siku hizi hatupekuliwi, na mfuko usio na mwenyewe ukibaki chini ya kiti tunausogeza kwa mguu ili tupate nafasi. Tafadhali, tusiusogeze. Uliza kwa sauti ni wa nani. Usipojibiwa, mwambie dereva asimamishe gari, mshuke wote, mwende mbali, ndipo mpige simu 999 au 112.

Nisieleweke vibaya kwamba nawakataza watu kusaidiana. Siku ile ya 1998 wakazi wa Nairobi walifanya jambo kubwa. Walichimba vifusi kwa mikono, wakabeba majeruhi kwa pikapu na matatu hadi Hospitali ya Kenyatta, wakapanga foleni kutoa damu. Bila wao waliokufa wangekuwa wengi zaidi. Lakini siku iyo hiyo umati wa watazamaji ulizidi kukua, na ikawawia vigumu waokoaji kupita. Anayekwenda kusaidia huwa na kazi mikononi mwake, na kazi ikiisha huondoka. Anayekwenda kutazama huongeza kichwa kimoja tu katika umati, na kesho huenda akawa mmoja wa wanaobebwa.

Basi, tukienda kutembea Nairobi, tufanye nini? Mwalimu au kiongozi wa kikundi azungumze na watu wake kabla gari halijaondoka Witeithie. Awaambie kwa maneno ya kawaida: ukisikia kishindo kikubwa au mlio wa bunduki ukiwa ndani ya jengo, jitupe chini papo hapo, geuzia dirisha mgongo, funika uso na shingo kwa mikono. Kama kuna meza imara, ingia chini yake. Usiinuke kwa sababu kumenyamaza. Subiri, kisha toka kwa ngazi, si kwa lifti, na uende mbali na majengo ya vioo, kwa sababu vipande huendelea kuanguka barabarani baada ya mlipuko. Ukiwa nje, ondoka kuelekea upande ambao mlio haukutoka. Simu ibaki mfukoni mpaka utakapokuwa umefika mbali. Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199, na namba hiyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikariri.

Kisha kila jengo mtakaloingia, liwe KICC au makumbusho au soko la jumla, chukueni muda kidogo kuangalia mlango wa dharura uko wapi na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana. Watoto hupenda kazi hiyo. Wape wawili kila mahali kazi ya kuutafuta mlango na kuwaonyesha wenzao.

Nyumbani nako kuna kazi. Wenye ploti za kupangisha hapa kwetu wameanza kuweka madirisha mapana ya vioo, na maduka yanayouza gesi yako chini ya vyumba vya kulala. Lori likianguka barabarani, mzazi asiseme tu "msiende", halafu yeye mwenyewe akavaa viatu na kwenda. Mtoto hufuata miguu ya mzazi kabla hajayafuata maneno yake. Mzee wa nyumba kumi akipata nafasi kwenye baraza la chifu, aliombe jambo hili liwekwe kwenye ajenda hata kwa robo saa.

Ninawaomba walimu wakuu wa shule zetu, viongozi wa makanisa na wa misikiti, na nyinyi kina mama mnaochangisha nauli: katika ratiba ya ziara ya mwaka huu, wekeni saa moja kwa ajili ya bustani ile ya Haile Selassie Avenue. Waacheni watoto wasome majina ukutani polepole. Kisha mtu mzima mmoja awaeleze kilichotokea katika zile sekunde chache kati ya kishindo cha kwanza na cha pili, na awaambie wanyooshe mikono wale ambao wangekwenda dirishani. Wengi watanyoosha. Waonyesheni hapo hapo, kwenye nyasi, jinsi ya kulala chini na kufunika uso, na warudie mpaka wafanye bila kufikiri.